Paul Morphy: kijana aliyemtoa askofu mapema na kuwapiga mabingwa wa Ulaya

Usiku mmoja wa mwaka 1858, katika nyumba ya opera ya Waitaliano mjini Paris, waimbaji walikuwa jukwaani na watu wamejaa kwenye viti. Lakini ndani ya chumba kimoja cha wakubwa, karibu kabisa na jukwaa, wanaume watatu walikuwa wameinamia ubao wa sataranji. Upande mmoja walikaa wawili wakishauriana: Duke wa Brunswick, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa amefukuzwa kwenye kiti chake, na Count Isouard, Mfaransa mwenye cheo. Upande wa pili alikaa kijana Mmarekani wa miaka 21, mfupi, mwembamba, mwenye sura ya mtoto, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza muziki. Baada ya hatua 17 tu, wakubwa wale wawili walikuwa wamekwisha.

Kijana huyo ni Paul Morphy. Mchezo wa usiku ule unafundishwa mpaka leo. Anayejifunza sataranji kwenye simu yake, awe Bukavu, Goma au Lubumbashi, atakutana nao mapema sana, pengine bila kujua jina la aliyeucheza wala namna maisha yake yalivyoishia.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Sataranji ndio mchezo ambao wengi kwetu wanaujua kwa jina la Kifaransa, échecs. Kuna mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, askari wanane wa mbele, wale tunaowaita pion, na maaskofu wawili. Huyo askofu, anayetembea kwa mshazari, ndiye mwenye habari hii. Waliojifunza kwa Kifaransa wanamwita fou, yaani kichaa. Jina hilo halikutoka kwa wagonjwa wa akili. Lilitoka kwa Waajemi na Waarabu, ambao kwao kipande hicho ni fil, tembo. Wafaransa walilisikia neno wakaligeuza kuwa lao. Waingereza wao waliona kofia ya askofu. Tembo, askofu, kichaa: kipande ni kimoja.

Ugomvi juu yake ni wa siku nyingi. Je, kumtoa askofu mapema, hatua ya pili au ya tatu, na kumwelekeza moja kwa moja upande wa mfalme wa adui, ni akili au ni haraka isiyo na faida? Maisha ya Morphy yana jibu, ila wengi wanaliona nusu tu.

Mtoto wa zuzi

Paul Charles Morphy alizaliwa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, tarehe 22 mwezi wa sita 1837. Baba yake, Alonzo Morphy, alikuwa avoka, na baadaye zuzi wa tribinali kuu ya Louisiana. Upande wa baba ukoo ulitoka Ireland ukapitia Uhispania. Upande wa mama, Louise Thérèse Félicité Thelcide Le Carpentier, ulikuwa wa Wafaransa wa Louisiana, na mama mwenyewe alikuwa mtu wa muziki, piano na uimbaji. Nyumbani Kifaransa kilisikika sawa na Kiingereza. Nyumba ya Chartres Street alimozaliwa, iliyojengwa na babu yake mzaa mama, ingali imesimama na leo ni makumbusho.

Haifai kusimulia utajiri ule bila kusema ulisimama juu ya nini. New Orleans ya siku hizo ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya watumwa nchini Marekani. Mitaa michache tu kutoka kwa akina Morphy kulikuwa na uwanja unaoitwa mpaka leo Congo Square, ambako Waafrika waliofanywa watumwa walikuwa wakikusanyika siku za Mungu kupiga ngoma na kucheza. Jina hilo halikuletwa na upepo: watu wengi walitolewa upande wetu huu wa Afrika. Mtoto Paul alikulia upande mwingine wa ukuta, ule wa wenye kumiliki.

Sataranji ilichezwa nyumbani. Baba alicheza, na mjomba wa ukoo, Ernest Morphy, ndugu wa baba yake, alikuwa mmoja wa wachezaji wazuri wa mji. Inasimuliwa kwamba hakuna aliyemfundisha mtoto sheria za mchezo. Alizipata kwa kutazama wakubwa. Mwaka 1846, akiwa na miaka 9, aliletwa mbele ya jenerali Winfield Scott, aliyekuwa akipita kuelekea vita ya Mexico na aliyejiona hodari ubaoni. Inasemekana jenerali alikasirika kidogo kuona ameletewa mtoto, kisha akapigwa mara mbili. Mwaka 1850 alipita Johann Löwenthal, bingwa wa Hungaria aliyekuwa amekimbia nchi yake baada ya mapinduzi kushindwa. Paul alikuwa na miaka 12. Löwenthal hakutoka na ushindi.

Hata hivyo familia haikumlea mtoto kuwa mchezaji. Alipelekwa Spring Hill, shule ya mapadri Wayezuiti huko Alabama, akamaliza mwaka 1854, kisha akasoma sheria katika chuo cha Louisiana. Alipata diploma mwezi wa nne 1857, na wanaomsimulia wanasema aliweza kutamka kwa kichwa karibu kitabu chote cha sheria za Louisiana. Tatizo lilikuwa moja: sheria ilidai avoka awe na miaka 21, naye hakuwa nayo bado. Baba alikuwa amefariki mwishoni mwa mwaka 1856. Basi kijana, akiwa na diploma mkononi na mwaka mzima bila kazi, akakubali mwaliko wa kwenda New York kwenye kongamano la kwanza la sataranji la Marekani. Mwaka ule mmoja wa kungojea ndio uliomfanya ajulikane duniani.

Kwa nini askofu, na kwa nini mapema

Kabla ya kumfuata New York, tukae kidogo mbele ya ubao.

Ubao una safu nane zenye herufi kutoka a hadi h, na mistari nane yenye namba kutoka 1 hadi 8. Weupe huanza. Katika siku za Morphy karibu kila mtu alianza kwa kusukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili mpaka e4, na mweusi akajibu vivyo hivyo, e5. Kisha mweupe anamtoa farasi kwenda f3, kumtisha askari yule mweusi, na mweusi anamlinda kwa farasi wa upande wa pili, c6. Sasa, hatua ya tatu, mweupe anamtoa askofu wake mpaka c4.

Pale c4 askofu anatazama kwa mshazari kisanduku kinachoitwa f7. Hicho ndicho kisanduku dhaifu kuliko vyote katika kambi ya mweusi mwanzoni mwa mchezo, kwa sababu hakilindwi na kipande kingine ila mfalme peke yake. Visanduku vingine vya mbele vina malkia, mnara, farasi au askofu nyuma yao. f7 haina. Ndiyo maana watoto wanaoanza hufundishana hila ya hatua nne: askofu c4, malkia h5, kisha malkia anapiga f7 na mfalme amekwisha. Na ndiyo maana hila hiyo ikikutana na mtu anayeijua, yule malkia aliyetoka mbio anafukuzwa huku na huku, na kila anapofukuzwa adui anatoa kipande kipya bure.

Mtindo huu si wa Morphy. Greco, Mwitaliano wa karne ya 17, aliuandika katika daftari zake. Philidor, mwanamuziki Mfaransa wa karne ya 18, alipenda kumtoa askofu hata mapema zaidi, hatua ya pili, kabla ya farasi. Na katika miaka ya 1820 kapteni mmoja wa Wales, William Davies Evans, aliyeendesha meli ya barua kati ya Wales na Ireland, alizidisha ukali: askofu akiwa c4 na askofu wa mweusi akiwa c5, mweupe anasukuma askari wake mpaka b4 na kumtoa sadaka. Askofu mweusi akimla, mweupe anasukuma c3 kumfukuza, kisha d4, na katikati ya ubao panakuwa pake. Amepoteza askari mmoja, amepata hatua mbili. Hiyo ndiyo gambiti ya Evans, na Morphy aliipenda sana.

Tofauti yake na wengine ni hii. Wachezaji wengi wa enzi ile walimtoa askofu c4 wakaanza kupiga mara moja, vipande viwili au vitatu vikishambulia na vilivyobaki vimelala nyumbani. Morphy alimtoa askofu c4, kisha akamtoa farasi, kisha askofu wa pili, akamficha mfalme pembeni, akaleta minara kwenye safu zilizo wazi. Alipopiga, hakuna aliyekuwa amelala. Askofu yule wa mapema hakuwa mshambuliaji wa peke yake. Alikuwa wa kwanza kufika mahali ambapo wenzake wote walikuwa njiani kuja, na alimlazimisha adui kujibu vitisho badala ya kutoa vipande vyake.

Ukilielewa hilo, michezo yake mingi inafunguka yenyewe.

New York, London, Paris

Mwisho wa mwaka 1857, huko New York, aliwaangusha wapinzani mmoja baada ya mwingine mpaka fainali na Louis Paulsen, kijana wa asili ya Ujerumani aliyejulikana kwa kufikiri sana. Siku hizo hapakuwa na saa ya kuhesabu muda wa mchezaji, na Paulsen aliweza kukaa mbele ya hatua moja kwa muda mrefu mpaka watazamaji wakaondoka. Morphy alishinda mara tano, akapoteza mara moja, sare mbili. Katika mchezo mmoja, akicheza na weusi, alimtoa malkia wake mzima kwa kumchukua askofu wa Paulsen. Paulsen alifikiri zaidi ya saa nzima akitafuta mtego uko wapi. Mtego ulikuwepo.

Mwezi wa sita 1858 alivuka bahari mpaka Uingereza, na mwezi ule ule akatimiza miaka 21. Aliyemtaka ni Howard Staunton, mkubwa wa sataranji wa Uingereza, ambaye wakati ule alikuwa na kazi ya kutayarisha vitabu vya Shakespeare. Staunton alikubali, akaahirisha, akaahirisha tena, na pambano halikufanyika kamwe. Kijana yule, aliyelelewa katika nyumba ya zuzi ambamo neno ni neno, lilimuuma kuliko inavyofaa mchezo kumuuma mtu. Badala yake alicheza na Löwenthal, yule yule wa mwaka 1850, akamshinda michezo 9 kwa 3, sare mbili. Pesa za ushindi alizitumia kumnunulia Löwenthal vyombo vya nyumba. Mjini Birmingham alicheza na watu wanane kwa pamoja bila kuutazama ubao, akishika yote kichwani: ushindi sita, sare moja, kushindwa mara moja.

Mwezi wa tisa alikuwa Paris, kwenye Café de la Régence, mahali ambapo Philidor mwenyewe alikuwa amecheza. Bingwa wa pale, Daniel Harrwitz, alimpiga katika michezo miwili ya kwanza. Morphy akashinda mitano kati ya iliyofuata, mmoja sare, na Harrwitz akaacha kwa kusema ni mgonjwa. Katikati ya pambano hilo, tarehe 27 mwezi wa tisa, kijana alikaa kwenye kiti amewapa mgongo watu wanane na mbao zao. Akacheza saa kumi bila kula. Sita walishindwa, wawili wakapata sare, na umati ulimzunguka barabarani mpaka ikawa shida kumtoa.

Ni siku hizo za Paris ndipo alipoalikwa kwenye opera.

Hatua 17

Duke na Count walikuwa na weusi. Walijibu e5, kisha wakasukuma askari wa malkia hatua moja, d6, kumlinda yule wa e5. Ni ulinzi unaobeba jina la Philidor. Hatua ya tatu walimtoa askofu wao mmoja mpaka g4 kumbana farasi wa Morphy. Angalia vizuri hapa: nao walimtoa askofu mapema! Lakini wa kwao hakuwa na wa kumfuata. Morphy alifungua katikati, wakalazimika kumtoa askofu huyo kwa kumla farasi, na malkia wa Morphy akatoka f3 bila kupoteza kitu. Askofu waliyekuwa wamemtembeza mara mbili akawa ametoweka ubaoni, na kazi yake yote ikawa imemtoa malkia wa adui nje.

Hapo ndipo Morphy akamweka askofu wake c4, anatazama f7, na malkia anatazama f7 pia. Wakajibu kwa farasi. Malkia wake akasogea b3, na ghafla vitisho vikawa viwili, f7 na askari wa b7. Wakamtoa malkia wao mpaka e7, mbele kabisa ya askofu wao wa pili, ambaye kuanzia hapo hakuweza kutoka. Morphy angeweza kumchukua askari wa b7 na kushinda polepole. Hakumchukua. Akamtoa farasi. Kisha askofu wa pili mpaka g5, kumbana farasi wao.

Wakaudhika na yule askofu wa c4, wakasukuma askari b5 kumfukuza. Hakukimbia. Farasi wa Morphy akamla askari yule, akaliwa, na askofu wa c4 akaingia b5 na kumpa mfalme hatari. Vilivyofuata ni upesi: mfalme wa Morphy akafichwa upande wa malkia, na kwa hatua hiyo hiyo mnara ukawa kwenye safu ya d. Mnara ukajitoa sadaka d7, mnara wa pili ukachukua nafasi yake, askofu akapiga d7, na mwisho malkia mwenyewe akaenda b8 kuliwa na farasi. Mnara ukashuka d8. Mati.

Ubaoni, mbali na mfalme na askari wa mbele, Morphy alibaki na vipande viwili tu: ule mnara wa d8 na yule askofu wa g5 anayeulinda. Wapinzani wake walikuwa na malkia, mnara, askofu na farasi. Mnara huo na askofu huyo walikuwa bado mahali walipowekwa kabla mchezo haujaanza.

Mwalimu kutoka Breslau

Mtu pekee aliyebaki ni Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu wa Breslau, aliyekuwa ameshinda mashindano makubwa ya London mwaka 1851. Alikuja Paris wakati wa likizo ya Noeli 1858. Naye alikuwa mpenzi wa askofu wa mapema: mwaka 1852 alikuwa amecheza gambiti ya Evans kwa namna iliyoufanya mchezo ule uandikwe katika vitabu mpaka sasa. Morphy alikuwa kitandani na homa, madaktari wamemtoa damu kwa miruba, hana nguvu ya kusimama vizuri. Walichezea chumbani mwake hotelini.

Mchezo wa kwanza Morphy alicheza gambiti ya Evans, na akashindwa. Anderssen alikula askari, akavumilia shambulio, akabaki na faida, akashinda katika mchezo mrefu wa hatua zaidi ya 70. Wanaosema kwamba sadaka ya Evans haina dawa wangesoma mchezo huo kwanza. Dhidi ya mtu anayejua kujilinda, askari aliyetolewa ni askari aliyekosekana.

Morphy hakung'ang'ania. Alipopata tena weupe, alimtoa askofu mapema vile vile lakini mpaka b5, mtindo wa padri Mhispania Ruy López, bila kutoa sadaka. Akashinda mara tano mfululizo. Anderssen, akiwa na weupe, alifikia hatua ya kuanza kwa kusukuma askari wa pembeni kabisa, a3, hatua isiyosema kitu, kwa sababu hakutaka kufungua katikati mbele ya kijana huyu. Matokeo: Morphy 7, Anderssen 2, sare 2. Anderssen, mtu wa heshima, hakutoa sababu ya ugonjwa wala uchovu. Alikiri kwamba amemkuta anayemzidi.

Kijana wa miaka 21 hakuwa na mtu wa kucheza naye tena.

Baada ya kushinda wote

Mwezi wa tano 1859 alirudi New York. Alipewa ubao na vipande vya dhahabu na fedha, akapewa saa, akafanyiwa karamu. Boston, mshairi Longfellow alikuwa mmoja wa waliokaa mezani. Gazeti la New York Ledger lilimlipa aandike juu ya sataranji. Yeye akatangaza kwamba atacheza na yeyote duniani akimpa faida ya askari mmoja na hatua ya kwanza. Hakuna aliyejitokeza.

Lakini yeye hakutaka kuitwa mchezaji. Kwake sataranji ilikuwa burudani ya mtu mwenye kazi nyingine, na kuishi kwa pesa za mchezo kulikuwa aibu. Mtoto wa zuzi lazima awe avoka. Nionavyo, hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa maana dunia ilimtaka kwa kitu kimoja na yeye alijitaka kwa kingine.

Mwaka 1861 Louisiana ilijitenga na vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza, vita iliyotokana na utumwa. Morphy hakuwa mwanajeshi. Mwaka 1862, mji wake ukiwa umekwisha kuchukuliwa na majeshi ya kaskazini, aliondoka kupitia Havana mpaka Paris, akangoja vita ipite. Alipopita tena Havana mwaka 1864, mmoja wa aliocheza nao alikuwa mtumwa, José María Sicre, aliyehesabiwa kati ya wachezaji wazuri wa mji ule. Kwenye ubao walikuwa wawili sawa mbele ya sheria moja. Mchezo ulipokwisha, mmoja alirudi kuwa mali ya mtu.

Vita ilipokwisha, Morphy alijaribu kufungua ofisi ya avoka New Orleans. Ilishindikana. Waliomjia walitaka kuzungumza juu ya Anderssen na opera, si juu ya kesi. Pesa za familia zilikuwa zimepungua. Aliendelea kucheza kidogo na rafiki yake wa shule, Charles Maurian, akimpa faida ya farasi, mpaka mwaka 1869, kisha akaacha kabisa. Polepole akaanza kuona maadui. Alimshtaki shemeji yake juu ya urithi wa baba. Aliogopa kupewa sumu na hakula ila chakula kilichotoka kwa mama au dada. Inasimuliwa kwamba familia ilimpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili iliyoendeshwa na masista, naye akawaeleza haki zake kwa mujibu wa sheria kwa ufasaha mkubwa hata wakakataa kumpokea. Ile ndiyo kesi yake iliyofahamika kuliko zote, na aliishinda.

Wakati huo mchezo ulikuwa unabadilika. Wilhelm Steinitz, aliyetoka Prague, alifundisha kwamba shambulio bila sababu ubaoni halina haki ya kushinda, na kwamba anayejilinda vizuri atakula askari wa gambiti na kubaki naye. Mwanzoni mwa mwaka 1883 alifika New Orleans akaonana na Morphy barabarani. Walizungumza muda mfupi, na sataranji haikuwa katika mazungumzo. Baadaye Emanuel Lasker alionyesha dawa nyingine ya gambiti ya Evans: mweusi amrudishe askari kwa wakati unaofaa, abaki na msimamo mzuri. Baada ya hapo mabingwa waliiacha kwa miaka mingi. Mwaka 1995 mjini Riga, Garry Kasparov aliitoa tena mbele ya Viswanathan Anand, akamshinda kwa hatua 25. Na askofu wa c4 bila sadaka hakufa kamwe: leo mabingwa wa dunia humtoa hatua ya tatu, kisha wanajenga pole pole nyuma yake, askari mmoja mmoja. Hawana haraka ya Morphy, lakini kanuni ni ile ile ya vipande vyote kuja kazini.

Tarehe 10 mwezi wa saba 1884, New Orleans, jua lilikuwa kali. Morphy alikuwa ametembea mjini saa za mchana kama kawaida yake, amevaa vizuri, fimbo mkononi. Alirudi nyumbani Royal Street, katika ile nyumba alimokulia, akaingia kwenye maji ya kuoga. Alipokawia, mama yake alikwenda kumtazama akamkuta amekufa. Alikuwa na miaka 47. Amezikwa katika makaburi ya St. Louis namba 1, katika kaburi la ukoo. Nyumba ya Royal Street sasa ni mkahawa, na watu hufika asubuhi kula.